Pasipoti Iliyonuka Achari

Watu wakiniuliza mimi ni Mchina wa wapi, huwajibu: wa Vikokotoni. Hucheka wakidhani nafanya mzaha. Nimezaliwa Unguja, ghorofani juu ya saluni ya mama yangu, na baba yangu alikuwa akianika majongoo ya pwani juu ya paa mpaka majirani wakaziba pua. Kiswahili ndicho ninachoota nacho. Kichina nilichokuwa nacho kilikuwa cha kijijini kwa wazazi wangu, cha kuitana kula na kugombezana, na kukiandika sikujua hata kidogo. Lakini pasipoti yangu ilikuwa ya China, kwa sababu baba hakutaka watoto wake wawe na nyingine, na alipofariki sikuona faida ya kubishana na marehemu.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa Tottenham, nikisuka nywele katika saluni ya mama mmoja wa Bukavu. Wateja wake walikuwa Wakongo wenzake, Wakenya, na Waghana wachache. Mteja mgeni akiingia na kuniona nimeshika kitana, humtafuta mwenye kazi kwa macho. Nami humwambia, "Karibu mama, kaa hapa," naye hugeuka nyuma kuangalia nani amesema. Mchezo huo haukunichosha.

Kilichonichosha ni simu za mama. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa Dar es Salaam alikuwa tayari kumpasua, tena alimwonya asichelewe, maana likikomaa mno kazi huwa ngumu. Mama akagoma.

"Sipasuliwi mpaka uje ukae ubavuni kwangu," aliniambia. "Nikifunguliwa macho nataka nikuone wewe, simtaki daktari mie."

"Mama, na hivi sasa unaona?"

"Naona. Naona kidogo kidogo. We njoo tu."

Kuja ndiko kulikokuwa na kazi. Pasipoti yangu ilikuwa inakaribia kwisha muda, na mimi niliyezaliwa Unguja nilihitaji viza ili niingie Unguja. Viza haigongwi kwenye pasipoti inayokufa. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: bila pasipoti mpya hakuna safari, bila safari hakuna upasuaji, na mama angebaki gizani kwa ukaidi wake. Ukaidi huo naujua vizuri kwa sababu nimeurithi wote.

Mwenye saluni alikuwa na ushauri wake, na aliutoa kila siku huku mikono yake iko kichwani kwa mtu.

"Weye dada, ile kitabu ya Chine unaishikilia ya nini? Kamata ya hapa Angleterre, umalizane nabo."

"Ya hapa itachukua miaka, mama. Macho ya mama yangu hayangoji miaka."

"Basi kimbia kwa ambassade yenu, uombe. Weye uko na bahati. Miye makaratasi yangu ya mukimbizi baliandika naweza enda inchi zote, isipokuwa kwetu." Alisema hivyo kisha akaomba apewe kibanio, akaendelea na kichwa kile.

Ningemsikiliza siku ileile, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu mtu haendi ofisini hivi hivi kama aliyepotea. Kwanza huuliziwa nani anamjua nani, nani jirani yake nani, halafu ndipo shauri huanza kwa salamu na chai. Nami nilikuwa na mtu: mama alikuwa akimtengeneza nywele mke wa ofisa mmoja wa ubalozi mdogo wa China pale Unguja. Kwa nini nikasimame foleni London mbele ya watu wasionijua, wakati mama angeweza kulimaliza jambo langu huku akimfunga mtu rola?

Nikaituma pasipoti Unguja. Nikimsimulia mtu hapa London hushika kichwa, lakini ndivyo nilivyofanya. Jirani yangu, mwanamke wa Kizanzibari wa jengo letu, alikuwa anakwenda kwao harusini. Nikaikunja pasipoti ndani ya kanga, nikampa mkononi, naye akaitia katika mkoba wake na kuapa hautatoka begani mpaka ufike. Alitimiza. Mama aliipokea siku aliyotua.

Ofisa alimkaribisha mama vizuri, akampa chai, akamuuliza hali ya macho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Binti anaishi London, basi aende yeye mwenyewe London, akaonekane uso. Alikuwa na haki kabisa. Lakini mama alinieleza kwenye simu kana kwamba ametukanwa yeye, rola zake na saluni yake yote.

Pasipoti ikabidi irudi kwa njia iliyokwenda. Jirani alirudi na kikapu alichopewa na mama, kimeshonwa mdomo kwa kamba. Ndani mlikuwa na halua, pweza mkavu, chupa ya achari ya embe, na katikati ya pweza na achari, ndani ya mfuko wa nailoni, pasipoti yangu. Mama aliamini hakuna mwizi atakayepekua chini ya pweza.

Nilipokata kamba nilijua kwa pua kabla ya macho. Chupa ilikuwa imevuja. Mafuta yenye bizari yalikuwa yameingia katika mfuko na kuupitia ukurasa baada ya ukurasa. Picha yangu ilikuwa na shavu moja la manjano. Ukurasa wenye muhuri wa ruhusa yangu ya kuishi Uingereza ulikuwa umelowa, ingawa maandishi yalisomeka. Nilikaa sakafuni jikoni na kikapu mapajani, nikalia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na achari, na jirani, na pweza, na mimi mwenyewe, na zaidi ya yote na mama, ambaye hakuomba lolote ila nikae ubavuni kwake.

Nikampigia.

"Mama, chupa imevuja! Uliifunga kweli?"

"Nimeifunga mwenyewe kwa mkono wangu huu. Huyo jirani yako kafungua njiani akala."

"Kikapu kilikuwa kimeshonwa, mama."

"Basi kashona tena. Watu wa siku hizi wanajua kushona."

Jirani aliapa kwa Mungu hakukigusa. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimesadiki, na yeye si mtoto, alielewa. Tangu siku ile tulikuwa tukipishana kwenye ngazi kwa "hujambo, sijambo" kavu.

Nilizipangusa kurasa kwa poda ya talki, nikazianika juu ya rediaeta ya kupashia nyumba joto, nyumba nzima ikanuka kama jiko la harusi. Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nikapanda treni Seven Sisters asubuhi na mapema, nikashuka Oxford Circus, nikaenda kusimama foleni ya ubalozi wa China.

Foleni ilikuwa barabarani, upepo unakata masikio. Mbele yangu na nyuma yangu watu walizungumza Kichina cha shule, cha redio, ambacho kwangu kilikuwa kelele tu zenye sura niliyoizoea. Mtu akinisemesha nilitabasamu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali ambapo kila mtu alifanana nami na hakuna aliyenielewa. Sikuipenda hali hiyo. Lakini sikuondoka.

Dirishani alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, nadhifu, mwenye sauti ya chini. Alisema jambo. Nikamwomba kwa Kiingereza anisamehe, sikielewi Kichina hicho. Akaitazama pasipoti ya China, akanitazama mimi, akahamia Kiingereza bila kununa. Kisha akaifungua, akaisogeza mbali kidogo na pua.

"Hii ni nini?"

"Achari."

"Achari ni nini?"

Nilijaribu kumweleza. Embe mbichi, chumvi, pilipili, bizari, mafuta, jua. Nyuma yangu mtu alikohoa. Msichana alinisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia pasipoti pamoja na maelekezo: nipige picha mpya, masikio yaonekane, kisha niandike maelezo kwa Kichina ya namna ilivyoharibika, niyalete. Hapo ndipo wataangalia.

"Itawezekana?" nikamuuliza.

"Andika kwanza," akasema.

Nilitoka nikijitukana chini kwa chini kwa lugha ya mama, lile tusi la kijijini analotumia wali ukiungua. Mzee mmoja aliyekuwa foleni aligeuka ghafla kama aliyeitwa jina.

"Wewe mtoto wa nani?" akaniuliza, kwa lugha ileile.

Mtoto wa nani! Swali la Unguja lenyewe, katikati ya London, kwa Kichina cha baba yangu. Nikasimama nikamtajia wazazi wangu na kijiji chao. Hakuwajua watu, lakini mahali alipajua, kwao kulikuwa upande wa pili wa mto. Alikuwa mpishi wa hoteli aliyestaafu, mikono yake ina makovu ya mafuta. Nikamwita ami, kama nilivyofundishwa kumwita kila mwanamume wa umri wa baba. Nikamwomba papo hapo aniandikie maelezo. Alipomaliza shughuli zake tukaingia mkahawa wa jirani, akatoa kalamu, akaniambia nisimulie.

Nikasimulia. Kila baada ya maneno machache alinisimamisha.

"Umesema nini hapo?"

"Kikapu."

"Kikapu ni nini?"

Nyumbani kwetu mama akizungumza Kichina husema kikapu, husema sufuria, husema bizari na achari, nami nikakua nikidhani Wachina wote wa kijijini kwao husema hivyo. Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Aliniambia lugha yangu ni ya bibi yake, lakini kuna mtu ameimwagia kitu. Nami nikacheka, ingawa roho iliniuma kidogo, maana niliona nimebaki na Kichina ambacho hakiwezi kwenda popote bila Kiswahili kukishika mkono.

Nilipomaliza aliweka kalamu chini.

"Hawataamini haya," alisema. "Pasipoti imevuka dunia kwa sababu mama yako anamtengeneza mtu nywele? Andika chai. Sema umemwaga chai. Kila mtu humwaga chai."

"Ami, inuse."

Akainusa.

"Hiyo ni chai?"

Akapiga chafya.

"Mama yangu hapasuliwi mpaka nifike. Nikisema uongo wakanigundua, sifiki. Niandikie kama ilivyo. Achari, pweza, jirani, yote."

Akasema mimi ni mkaidi, nikamwambia hajamwona mama. Kisha akavuta karatasi na kuandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyechapwa shuleni. Alipofika kwenye achari aliandika maneno mengi mahali pa neno moja. Nikamuuliza ameandikaje. Akasema ameandika embe za chumvi na pilipili zinazotengenezwa na mama wa mwombaji kwa mkono wake mwenyewe. Nikaona inatosha.

Kule kazini, mwenye saluni alinifumua misuko yangu yote kwa ajili ya ile picha ya masikio. Alinivuta nywele nyuma mpaka macho yakanitoka.

"Sasa ndiyo unafanana na Chine," akasema kwa kuridhika. "Enda. Bakikukatalia, urudie kesho. Bakikukatalia tena, urudie. Miye kwa Home Office, ile ofisi ya makaratasi ya bageni, nilirudiaka mpaka askari wa mlango akanijulia jina."

Siku niliyorudi ubalozini, mzee alikuja pia. Alidai ana jambo lake la kuulizia. Sikumwona akiuliza jambo lolote.

Msichana wa dirishani alisoma maelezo mara moja, akarudia. Akamwita mkubwa wake, mwanamume mwenye miwani. Wakasoma wote wawili, kisha mmoja baada ya mwingine wakainusa pasipoti. Mwenye miwani akaniuliza jambo kwa Kichina cha redio, nikakisia anataka kujua mimi ni nani, na mimi nikamjibu kwa Kichina cha kijijini, kwa sauti niliyoazimia kutoionea haya. Nilitaja majina ya wazazi wangu, kijiji chao, mwaka wa nyani, kwa kalenda ya Kichina, aliozaliwa mama na namna baba alivyotia majongoo chumvi. Hakunielewa nusu. Kutoka nyuma, bila kuombwa, mzee akawa anatafsiri kwa Kichina cha redio, na foleni yote ikatega masikio.

Mwenye miwani akauliza swali la mwisho, mzee akanigeuzia: kwa nini sikuja hapa tangu mwanzo?

"Mwambie kwetu mtu huanza kwa anayemjua," nikasema. "Na hapa nilikuwa simjui mtu."

Mzee akatafsiri, akaongeza neno lake ambalo hakuniambia mpaka leo. Mwenye miwani alivua miwani, akaifuta, akachukua picha zangu na fomu. Akasema nitaarifiwa. Hakutabasamu, lakini pasipoti hakuirudisha kwangu, na hicho ndicho nilichotaka.

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko foleni. Mama alipiga simu, nami kila mara nilimwambia bado.

"Lakini unakuja?"

"Nakuja, mama."

"Basi mie nangoja. Naona kidogo bado."

Sikulala vizuri majuma yale. Nilisuka vichwa vya watu kwa kukaza mno mpaka wakalalamika. Mwenye saluni aliwaombesha watu wa kanisa lake, na mwanamke mmoja nisiyemjua alinisimamisha sokoni kuniambia kwamba kitabu changu cha Chine kinakuja, ameona katika maombi. Nikamshukuru kwa moyo wote. Wakati ule ningemshukuru hata paka.

Kikaja kweli. Nilikabidhiwa pasipoti mpya, kavu, haina harufu, na ile ya zamani iliyokatwa kona, kwa sababu muhuri wangu wa kuishi Uingereza ulikuwa humo na ilinibidi nitembee na zote mbili. Nilitoka nje nikazishika kifuani barabarani, mtu mzima mimi, nikacheka peke yangu. Viza nilipewa. Tiketi nikakata. Nilipopita mlangoni kwa jirani na begi langu, nilimpungia mkono tu nikashuka ngazi.

Unguja mama alinipokea mlangoni, akanishika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye nywele, akaniambia zimeharibika. Nilifurahi mno hata sikujiuliza kwa nini alinishika hivyo. Akaniongoza ndani akitembea haraka kama zamani, hakugusa hata kiti.

Jioni ile nilimkuta jikoni akinitilia achari kwa chakula. Nikasimama mlangoni bila kusema. Alipomaliza, alitafuta kifuniko kwa kupapasa meza, akakipata, akakiweka juu ya chupa upande upande, akakizungusha mara moja, akakipiga kidogo kwa kiganja. "Tayari," akajiambia. Akaipeleka rafuni, akaiweka mahali pake bila kukosea. Kifuniko kilikuwa kimekaa kombo. Chini ya kila chupa kwenye rafu ile palikuwa na duara la mafuta.

"Mama," nikasema. Akashtuka, akageuka upande ambao sikuwepo.

Basi alikuwa haoni. Si kidogo wala nusu. Alikuwa ananiambia anaona kidogo ili nisifanye mambo kwa pupa nikaharibu, huku yeye anashona vikapu na kufunga chupa kwa kubahatisha. Nilimshika mabega. Nilitaka kumgombeza, nikajikuta namfuta mafuta vidoleni.

"Pasipoti zote unazo?" akaniuliza.

"Ninazo."

"Basi kesho twende Dar."

Tulikwenda. Walimpasua jicho moja kwanza, nami nilikaa ubavuni kama nilivyoagizwa, nikimwambia kila aliyeingia ni nani. Walipomwondolea bendeji alinitazama, akasema, "Umezeeka," kisha akalia, nami nikalia, mpaka muuguzi akatukataza wote wawili kwa ajili ya jicho.

Jicho lilipopoa tukarudi nyumbani. Siku moja aliomba kuziona pasipoti. Ile mpya aliifunua akaifunga. Ile ya zamani aliipeleka dirishani, akageuza kurasa moja moja, akafika kwenye picha yenye shavu la manjano, akapitisha kidole juu yake. Kisha akaenda jikoni. Nilimsikia akishusha chupa zote rafuni. Alizipangusa, akazifunga upya moja baada ya moja, mishipa ya mkono imemtoka, jicho moja bado limeingia ukungu na jingine limekazwa kwenye kifuniko.

Siku ya kuondoka kwangu alileta chupa moja, ameizungushia kitambaa na kuifunga kamba. Nikanyoosha mkono niitie kwenye begi.

"Siyo yako hiyo," mama akasema. "Mpelekee jirani yako. Mwambie nimeifunga mwenyewe, na safari hii nilikuwa naona."